Uzi Ulioliwa na Mwili

Huko Kanduyi, Jairus Wabwile alisifika kwa ushonaji. Suruali yake ilichakaa kitambaa kabla mshono haujaachia, naye hakuchoka kuwaambia hivyo mafundi wenzake. Basi mwaka wa 1988, mkewe Nasambu alipojifungua kwa kupasuliwa katika hospitali ya misheni upande wa Kitale, Jairus alimpakata mwanawe Zachary kidogo tu, kisha akaomba aoneshwe mshono.

Waliporudi nyumbani aliulizia siku ya kutolewa nyuzi.

"Sista alisema hazitolewi," Nasambu akamjibu. "Ati zitayeyuka zenyewe."

"Uzi wa kuyeyuka ni uzi umeoza. Hao wamekushona na mabaki."

Akachukua marekani, kitambaa kigumu cha pamba, akamzungushia tumboni, akaunganisha ncha zake mgongoni kwa sindano ya mkono. Aliikaza mpaka Nasambu akashika ukuta.

"Baba Zachary, inanibana."

"Vumilia. Unataka utumbo utoke ukiinama?"

Haikupita wiki, Nasambu akashikwa na homa, na kitambaa kikaanza kunuka. Jairus akamrudisha Kitale huku moyoni akijiona ameshinda. Kwenye benchi la akina mama alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwamba hospitali hii inashona watu kwa uzi mbovu, na kwamba yeye ni fundi, hadanganyiki.

Sista Chepkemei alimwacha amalize. Kisha akawaingiza ndani, akashika mkasi, akaikata ile marekani. Ngozi chini yake ilikuwa nyeupe, imelowa na kukunjamana. Upande mmoja kidonda kilikuwa kimefunguka, kinatoa usaha.

"Jasho halikuwa na pa kutokea," sista akasema. "Uzi wetu hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo, mzee. Ni protini, kama nyama unayokula. Mwili unaula polepole, na ukiisha, kidonda kimeshashikana. Huko si kuoza. Kilichomuumiza ni hiki kitambaa. Nani alimfunga?"

Jairus akafungua mdomo. Nasambu akamtangulia.

"Ni mimi, sista. Niliogopa."

Sista akaugeuza ule mshono wa mgongoni, mahali ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki, umenyooka kama uliopigwa rula. Akamtazama Jairus. Jairus akatazama sakafu.

Nasambu alilazwa. Jairus alipotoka ilimbidi apite mbele ya wale akina mama aliowahubiria. Mmoja akasogea ampishe nafasi ya kukaa. Afadhali angemtukana.

Siku kadhaa alileta uji, akauweka, akaondoka haraka kama mwizi. Mwishowe alimfuata Chepkemei kwenye kibaraza.

"Ni mimi nilimshona ile nguo."

"Najua," sista akasema. "Nenda umwambie yeye."

Nasambu alikuwa ananyonyesha. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Ungesema siku ile, mbele ya sista."

Kidonda kilipona, kikaacha kovu pana. Walizaa watoto wengine wawili, na majirani waliwasifu kwa kuelewana. Lakini tangu mwaka ule, kila Nasambu alipobadilisha nguo alimpa mumewe mgongo, na Jairus hakuwahi kumuuliza kwa nini.