Hatua Mbili Kutoka Bombani

Kila asubuhi nikifungua dawa ya meno, unyayo wangu wa kulia unaniwasha. Umri huu wote, na mguu bado unadhani dawa ile inakuja kwake. Watoto wangu huniuliza kwa nini sipendi kutoka nyumbani, nami husingizia mguu. Msiwaambie, lakini mguu ulipona zamani. Ni mimi mwenyewe niliyezoea kukaa.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Kaloleni, miaka ya sabini, bomba moja la maji kwa safu nzima ya nyumba. Mvua ikishika, njia ya bombani iligeuka uji, na akina mama walikuwa na ufundi wao: aliyemaliza kupika alimwaga jivu la jiko pale kwenye matope, watu wasiteleze. Jumamosi moja majirani walikuwa wamechelewa kuamka. Mama alikwisha kuchemsha chai na kufagia, nami, mwenye miaka minane, nikatumwa maji. Patipati, ndara zangu za mpira, niliziacha mlangoni zisichafuke. Ndivyo nilivyokuwa nadhifu. Mguu wa kushoto ukakanyaga tope. Wa kulia ukakanyaga jivu, laini, rangi ya njiwa, na chini yake makaa yalikuwa macho bado.

Nilikuwa hatua mbili kutoka bombani. Wekeni hilo akilini, maana siku ile hakuna aliyeliweka.

Mama alitoka mbio, akaninyakua, akanikimbiza ndani, mbali na maji. Mama Wangari, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaamshwa na mayowe yangu, akaingia na dawa ya meno. Nyuma yake akasimama Mzee Otieno, aliyestaafu kazi ya kuchochea moto kwenye magari ya moshi.

"Maji, mama," akasema. "Mtie mguu kwenye maji baridi, akae hapo mpaka achoke."

"Mzee, unataka ngozi itoke yote kama ya kuku?" Mama Wangari akamjibu huku akikamua.

"Mimi nimeungua miaka thelathini."

"Na ndiyo maana unakaa hivyo."

Mzee akajiendea zake. Nikapakwa dawa ya meno, juu yake mafuta ya kupikia, juu yake unga wa ngano, kwa sababu kuna aliyesema unakausha. Kufikia Jumatatu malengelenge yalikuwa yamepasuka, usaha unatoka, na mguu unanuka kama duka lililofungwa.

Muuguzi wa kliniki aliuinua kwenye mwanga. "Huu ni mguu ama ni maandazi?" Kisha akamgeukia mama, sauti ikashuka. "Ukikaa na huyu siku mbili zaidi, hivi vidole tutavikata."

Mama yangu alikuwa na jibu kwa kila mtu, hata kwa askari wa kaunsili ya jiji. Siku hiyo aliinama tu akanipa mgongo.

Basi akaanza kunibeba. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kushona magunia Viwandani, alinifunga mgongoni kwa leso, mtoto mzima wa darasa la pili, miguu ikining'inia hadi magotini pake. Kliniki walitoa shashi iliyoganda kwenye kidonda, wakaosha kwa maji ya chumvi, wakafunga upya. Nilipiga kelele za kuamsha mtaa mzima wa Makongeni. Kurudi, nililaza shavu kwenye shingo yake, yenye jasho na sabuni ya mche, nikajiona malkia. Alihema. Mimi nilidhani ni mwinuko.

Wiki ya tano muuguzi akasema, "Huyu sasa atembee." Nilisikia vizuri, nikajifanya sikusikia. Mama akasema sawa, halafu akainama, nami nikapanda. Nikabebwa wiki nzima zaidi.

"Mama Mwende, huo mzigo utautua lini?" Mama Wangari aliuliza.

"Akichoka," mama akasema.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimdanganya anibebe wiki ile. Hadithi hiyo niliisimulia hata mbele yake, arusini kwangu, watu wakacheka, naye akatazama sahani yake.

Tangu mguu ule uungue, mama hakumwaga jivu tena bila kulitia maji kwenye karai mpaka liache kulia. Kisha alizamisha mkono wake mtupu, akalikoroga hadi chini, taratibu, ndipo akalipeleka njiani. Nilimcheka. Nilimuuliza kama anatafuta pete.

Nilikuwa nimeshazaa mara mbili, nimeinama na karai langu mwenyewe, nilipoona mkono wangu umeingia jivuni bila kutumwa. Hapo ndipo nikaikumbuka ile Jumamosi. Majirani wote walikuwa wamelala. Jiko lililokuwa limewaka asubuhi ile lilikuwa moja tu.

Alijua jivu ni la nani tangu aliponikimbiza ndani. Nami wiki zote zile nilikuwa mgongoni pake, nimejilegeza, namwongezea uzito.