Kituo Mbele ya Nyumba ya Meya

Wifi yangu Ludmila Hlavaty hasahau. Wanaparokia wenzetu hapa Harmon Falls, Ohio, wanasema ana moyo wa jiwe. Waseme. Mimi ni dada wa marehemu mumewe, na mimi pia sijasamehe.

Kaka yangu Štefan alitengeneza pampu miaka ishirini na miwili katika kiwanda kilichokuwa mtaa wa pili kutoka kwao. Mwaka 1994 Wendell Prather, meya wa Briarfield ng'ambo ya mto, akakivutia kiwanda kile kwake kwa kukisamehe kodi miaka kumi na mitano. Ndivyo miji yetu ilivyoishi: kumpokonya jirani, kisha kujisifu kwa maendeleo. Mji wetu ukaomba basi letu livuke daraja liwapeleke wafanyakazi. Prather akakataa. Watu wake hawakutaka nyuso zetu barabarani kwao.

Štefan alikuwa na kifafa, hakuruhusiwa kuendesha gari. Wenye magari walimchukua walipokuwa zamu moja. Siku nyingine alitembea maili tano kwenda na tano kurudi, kandokando ya barabara isiyo na njia ya miguu. Alidumu miezi kumi na minne. Asubuhi moja ya Februari gari la kuondoa theluji halikumwona. Prather alituma maua ya mazishi, na Ludmila akayatupa jalalani pamoja na kadi yake.

Aliye juu mngoje chini. Ludmila aligombea udiwani kwa hasira tupu, akachaguliwa, akachaguliwa tena, akangoja. Mwaka 2009 msamaha wa kodi ulikwisha, na kiwanda kikahamia kusini bila hata kuaga. Briarfield ikabaki na banda tupu.

Ndipo Washington ikatangaza ushirika mpya. Serikali kuu ingetoa fedha za kufufua kazi, lakini si kwa mji mmoja mmoja. Miji yote tisa ya eneo letu itie saini mpango mmoja na iahidi kuacha kunyang'anyana viwanda. Ukikosekana mmoja, yote ikose. Minane ikasaini, ukabaki wetu. Madiwani wetu wakagawanyika wawili kwa wawili, na kura ya tano ilikuwa ya Ludmila.

Prather alikuja Ijumaa ya Kwaresima, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, tunakouza samaki wa kukaanga na pirohi zetu, vile vidonge vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini ndani. Alipanga foleni kama kila mtu. Nilikuwa natoa pirohi kwenye sufuria, na nasema kweli, mkono uliniwasha nimmwagie yale maji.

"Bibi Hlavaty," alisema, sahani mkononi, "ya zamani tuyaache. Mji wangu unakufa."

"Wangu ulitangulia. Sogeza sahani, samaki anapoa."

"Unataka nini?"

"Basi livuke daraja. Liandikwe kwenye mpango, na vituo vyake."

"Hilo tu? Sawa."

"Kituo cha kwanza mbele ya nyumba yako. Pawe na benchi lenye jina la mume wangu."

Prather aliuliza kwa sauti ndogo mkewe atasema nini.

"Mwambie marehemu alikuwa mpole," Ludmila akajibu. "Nikuongezee vitunguu?"

Tulipokuwa tunaosha sufuria nilimgombeza. Mimi nilitaka akatae kabisa, Briarfield ife mpaka nyasi ziote madukani.

"Wifi, umemwachia kirahisi," nikamwambia.

"Tuliza hasira, subiri," alisema.

Alipiga kura ya ndiyo. Leo basi linavuka, na vijana wetu wanafanya kazi katika karakana mpya ndani ya lile banda. Ni jambo jema, sikatai. Lakini kila siku ya kazi, saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini alfajiri, Ludmila hupanda basi hilo, na yeye kazi huko hana. Hushuka kituo cha kwanza, huketi kwenye benchi la Štefan, humimina kahawa na kulitazama dirisha la chumba cha Prather mpaka saa moja.

Prather alitoka siku moja tu, na ndala zake, akamwuliza ataendelea hivi mpaka lini.

"Štefan alitembea miezi kumi na minne," wifi alimjibu. "Mimi nina basi."

Siku hizi Jumatatu nafuatana naye. Mimi huchukua pirohi. Pazia la dirisha lile halijafunguliwa tangu Machi.