Nani Anamukula Liévin?

Victorine alikuwa mnene, na bwana yake Liévin alikuwa mwembamba. Maneno yote yalianzia hapo, na mtu akikuambia yalianzia kwingine, mwache aseme, hakuwapo.

Alipoletwa bibi harusi katika kambi ya watu wa treni, kule Makomeno, Élisabethville, unene wake ulikuwa sifa. Wanawake walisema Liévin amepata mke, si ufito. Lakini miaka ikapita, akamzaa Chola, akazidi kujaa mwili, na Liévin akabaki vile vile, mabega yamechomoza chini ya shati, kola inamzunguka shingo na nafasi inabaki. Naye kazi yake ilikuwa ya kutupa makaa katika tanuru la mashine ya treni, kutoka Élisabethville mpaka Bukama na kurudi. Basi ile sifa ikageuka swali. Watu wawili, posho moja. Kila Jumamosi unga ule ule, maharagwe yale yale, samaki wakavu wale wale. Mbona mwili unaota upande mmoja tu?

Jirani yao Hortense, ambaye ulimi wake haukujua siku ya mapumziko, ndiye aliyelisema kwanza pale bombani.

"Anamukula."

Hakuwa anasema habari ya posho. Katika kambi ile, ukisikia mwanamke anamla bwana yake, ujue wanasema uchawi: anamnyonya nyama pole pole wakati amelala, mpaka siku moja mtu anaanguka kazini na hakuna daktari anayeona kidonda. Na usifikiri Liévin alikuwa hali chakula. Wanaume walikula pamoja nje, sahani moja katikati, na wenzake walinung'unika kwamba mkono wake unarudi kwenye bukari, ugali wa huku, kabla wao hawajatafuna. Lakini wanawake walikula jikoni, nyuma ya nyumba, na hakuna mwanaume aliyewahi kuona Victorine anapeleka nini mdomoni. Kitu ambacho watu hawakioni, wanakijaza wenyewe. Walimjazia Victorine vyungu vizima vizima.

Habari ikapanda treni, ikafika mpaka kijijini kwa akina Liévin, mbele ya Bukama. Siku moja dada yake mkubwa, Agnès, akashuka stesheni na kikapu kichwani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mjane wa siku nyingi, na kitenge chake kilimzunguka kiuno mpaka kikachoka. Victorine akamkaribisha vizuri, akamletea kibuyu cha munkoyo, kinywaji cha mahindi. Kabla ya kumpa alimimina kidogo, akanywa yeye kwanza mbele ya macho yake, maana ndivyo unavyomfanyia mgeni, ajue hakuna kitu ndani. Watu wa nyumba moja hawaonjeani. Agnès akapokea, akanywa chote, kisha akaweka kibuyu chini.

"Mulamu," alisema, maana ndivyo mawifi wanavyoitana huku, "mi sikuye kutembea. Nakuya juu ya ndugu yangu. Ku mugini tunasikia anaisha."

"Haiko mugonjwa," Victorine akajibu.

"Njo kile kinatuogopesha. Nitakaa mu jiko yako. Nitaona kile unapika na kile unakula. Siku ya yenga, kiisha misa, Baba Alphonse, muzee wetu, atakusanya jamaa. Kama njo weye, utapanda treni ya Bukama, utarudi kwa baba yako. Mutoto atabakia. Mutoto iko wetu."

"Na ndoa yetu? Tulifunga mu kanisa, mbele ya mupe."

"Mupe hakufungisha ndoa na muloji. Alikuwa hajue."

Victorine akamtazama Chola, aliyekuwa anacheza na kifuniko cha sufuria pale mlangoni. Treni ya Bukama ni ile ile aliyoisukuma Liévin kwa makaa yake. Kama watamfukuza, bwana yake mwenyewe ndiye atakayewasha moto wa kumpeleka.

Kesho yake alimwomba Liévin waende zahanati ya kambi. Infirmier Adalbert, muuguzi wa pale, alimpima Liévin kwa kirefu. Alimshika shingo kutafuta uvimbe, kwa sababu kuna ugonjwa wa shingo unaomfanya mtu akonde huku anakula. Akamtazama macho, akamwambia anyooshe mikono aone kama inatetemeka. Akatafuta minyoo katika choo chake, akasikiliza kifua. Hakuna kitu.

"Liévin, hauko na ugonjwa," alisema. "Sikia. Ndani ya mwili ya muntu muko moto. Ata ukilala inawaka: moyo inapiga, pumzi inaingia, damu inatembea, yote inaomba kuni. Na bantu hatuko na moto sawasawa. Mwingine anazaliwa na ya mukali, inachoma chakula mbio, haibakishe kitu. Mwingine yake iko polepole, inachoma kidogo, na ile inabakia mwili inaiweka. Mutoto na muzee hawako sawa, mwanaume na mwanamuke hawako sawa, muntu wa misuli mingi anachoma kupita muntu wa misuli kidogo. Na mara mingi unaipata kwa wazazi, sawa vile unapata pua."

Liévin akafurahi, kwa sababu yeye moto alikuwa anaujua. Njiani aliwaza zile mashine mbili pale kwenye karakana, ndugu wa kiwanda kimoja, na moja inamaliza makaa hata ikiwa imesimama. Lakini jioni, Victorine alipomweleza wifi yake, Agnès alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kama iko moto, nani anapuliza?"

Hapo utabishana na nani?

Basi Agnès akaketi jikoni. Aliketi kwenye kigoda, mwiko mkononi, kama askari mlangoni kwa mkubwa. Unga ulipimwa mbele yake, sombe, majani ya muhogo, ilitwangwa mbele yake. Victorine, nitasema ukweli, alipata hata nafuu kidogo. Alijua tumbo lake. Tangu utoto donge moja la bukari lilikuwa linamtosha, na la pili alilila kwa heshima ya mpishi. Akawaza: acha aone, akiona ataniamini. Kila siku akampakulia Liévin mlima, akala donge lake, akanawa mikono. Agnès akamaliza kilichobaki katika sufuria, maana chakula hakitupwi, na akakwangua na ukoko.

Lakini jicho la Agnès halikulainika. Kila siku lilizidi kuwa baridi, na Victorine hakuelewa kwa nini, mpaka alipokwenda bombani akasikia sauti ya wifi yake nyuma ya ukuta.

"Hakule, Hortense. Naapa mbele ya Mungu, nimeona na macho yangu. Donge moja, ananawa. Sasa mwili yote ile inatoka wapi?"

"Nilikuambia," Hortense akasema.

"Kama angekula sana, ningesema ni mulafi, tungeimaliza. Mais muntu hakule na kinywa, na ananona. Basi anakula na kitu ingine."

Ndoo ikamponyoka Victorine, maji yakamwagikia miguuni. Aliogopa siku ile kuliko siku alipokuwa anamzaa Chola. Kile alichodhani ni wokovu wake ndicho kilichomfunga. Ufanye nini? Mchana akajilazimisha kula, donge juu ya donge, mpaka macho yakamtoka machozi. Agnès akasema kwa utulivu, "Leo unakula juu ya kuonwa." Siku iliyofuata hakugusa kitu. Mwili haukupungua hata kidogo, mwili ule mkaidi, na alitamani kuuvua autupe mtoni.

Liévin aliporudi kutoka safari ya Bukama, uso mweusi wa makaa na masikio yamejaa maneno ya dada yake, Victorine alimwekea sahani mbele kama siku zote. Liévin aliitazama ile sahani. Hakumtazama mke wake. Chola akaacha kucheza.

"Agnès atanipikia," alisema, akaisogeza sahani pembeni.

Sijui kama kuna kofi linalouma kama lile. Victorine alichukua sahani, akaingia jikoni, akakaa chini. Akatoa gauni la Chola la kanisani, akalikunja, akalikunjua, kwa sababu hakujua kama alikunje la kubaki au la kwenda.

Jumapili ikafika. Baada ya misa jamaa wakakusanyika uani kwa Baba Alphonse, ndugu ya marehemu baba yao Liévin, mzee wa ukoo pale mjini. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Liévin aliketi karibu na ukuta, mikono imelala magotini. Agnès alianza kusema, lakini Alphonse akamkatiza.

"Maneno ya jiko inapita mingi. Leteni sahani. Muke ya Liévin na Agnès bakule hapa, tuone wote."

Watu wakatazamana. Mwanamke kula mbele ya wakwe zake, mbele ya wanaume wote wale, ilikuwa aibu ya kuingia nayo ardhini. Lakini mzee amesema. Bukari ikaletwa, na samaki, na sombe. Victorine akapiga magoti kwenye mkeka. Akala donge lake. Akanawa.

"Muone," Agnès akasema, anafinyanga donge. "Ameisha kunawa. Njo vile kila siku." Akameza, akamega jingine. "Nilikaa mu jiko yake, sikutoka. Hanifiche kitu, mi siwezi kumusingizia." Akachovya, akala. "Unga inaisha kwa Liévin, na Liévin anakauka. Huyu hakule, na muone mwili yake. Mi naomba jamaa inijibu: mwili ile inatoka wapi?"

Mnong'ono ukapita uani. Hortense, aliyekuja bila kualikwa, akatikisa kichwa kwa huzuni ya watu wanaofurahi. Alphonse akashika kidevu. Victorine alimwona Chola amepakatwa tayari na shangazi mmoja wa ukoo, mikono ya yule mama imemzunguka kama imeshampokea, na kitu kikampanda kifuani, hasira, hasira ya kweli ambayo hakuwahi kuwa nayo. Akarudisha macho kwenye sahani asilie mbele yao. Hapo ndipo alipouona mkono wa Agnès. Unakwenda, unarudi. Mlima ulikuwa umekuwa kilima, na kilima kilikuwa kinaisha.

"Baba Alphonse, naomba neno."

"Sema."

Victorine akaushika mkono wa wifi yake juu ya kiwiko, akauzungushia vidole, vikakutana. Akasimama, akaenda mpaka ukutani, akaushika mkono wa Liévin pale pale. Vidole vikakutana. Liévin alitetemeka alipoguswa, na Victorine aliliona hilo, akaliweka moyoni. Kisha akarudi kwenye mkeka.

"Mulamu, unasema ndugu yako anakauka juu miye namukula. Bon. Mais weye, bwana yako alikufa zamani. Unalala peke yako, unapika peke yako, ku mugini kwenye miye sijafika. Mu jiko yangu ulikula kunipita miye na mutoto, na leo bantu bote banaona ile sahani. Weye, nani anakukula?"

Mkono wa Agnès ukabaki ndani ya sahani. Hata Hortense alikosa neno, na hilo watu walilisimulia kambini kwa muda mrefu.

Alphonse ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa chini.

"Ndugu yangu, baba yenu, alikuwa anamaliza chungu. Siku ya kumuzika tulimubeba bawili, hatukutoka ata jasho. Na mama yenu alikuwa mwanamuke munene, hakuwa anakula sana. Agnès, unamukumbuka mama yako?"

"Namukumbuka."

"Tulimufukuza?"

Agnès alitoa mkono sahanini. Kuna watu wangebisha, wangetafuta maneno mengine. Agnès alikuwa mgumu, lakini hakuwa mwongo. Alitazama kifundo chake cha mkono kwa muda, kama hajawahi kukiona.

"Hakuna muntu ananikula," alisema. "Njo vile nilizaliwa."

Akageuka, akamtoa Chola mikononi mwa yule shangazi, akamweka mapajani kwa mama yake. Alphonse akasema basi ile moto ya infirmier ni mali ya nyumba yetu, watu wacheke, na watu wakacheka, wengine kwa aibu. Kikao kikaishia hapo.

Jioni ile Liévin aliketi nje mapema.

"Mama Chola," alisema, "nina njaa. Nipe kile umepika."

Victorine akaleta sahani. Akachuchumaa mbele yake, akamega donge, akachovya kwenye sombe, akalila polepole huku anamtazama machoni, jinsi unavyomwonjea mgeni. Alipomeza, akamsogezea sahani. Liévin akaelewa: aliyeikataa sahani yake sasa ni mgeni. Aliinamisha kichwa, akala.

Waliishi pamoja mpaka uzee, Liévin mwembamba na Victorine mnene, na walizaa watoto wengine, wa moto mkali na wa moto wa polepole. Kila jioni Victorine alionja kwanza, mbele ya macho yake, kabla ya kumpa. Liévin hakuwahi kumwambia aache.