Siku Binti Yangu Aliponisimamisha

Binti yangu alikuwa na miaka sita aliporudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akaniambia, "Mimi ni mjinga." Alisema bila kulia, kama mtu anayetaja jina lake. Darasani alikuwa ameambiwa asome kwa sauti, akakwama, wenzake wakamcheka. Tangu siku hiyo hakukubali kusoma mbele ya mtu yeyote. Roho iliniuma, na mimi nikiumwa roho huwa nakimbilia kazi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Awendo. Jioni ile ile nilitafuta karatasi ya manila na kalamu nene, nikaandika: MIMI NI HODARI. MIMI NINAWEZA. Nikaibandika ukutani. Nikanunua na kitabu cha hadithi, cha punda mdogo anayeogopa kuvuka daraja. Nilisoma ukurasa, nikamwuliza binti yangu punda afanye nini, na kabla hajafungua mdomo nikajibu mimi. Kisha nikamwamuru arudie maneno ya ukutani. Aliyarudia akitazama dirishani, malori ya miwa yakipita. Wiki mbili alijiita hodari, na bado nikimwomba asome alijificha nyuma ya cherehani.

Mama yangu akaja kututembelea kutoka upande wa Asumbi. Alikaa kwenye kochi, akatusikiliza kurasa tatu, uvumilivu ukamwisha.

"Nyathina, mtoto wangu, hii ni nini? Unasifia mtoto kwa mdomo yako?"

"Ni ya kumpa moyo, Mama."

"Sisi tulikuwa na pakruok. Mtu akitaka kujisifu kwa ngoma, anasimamisha mpigaji nyatiti. Muziki inanyamaza, watu wote wanamngoja. Anasema yake, ya ukweli. Hakuna mtu anamwandikia."

Akamgeukia mjukuu wake. "Mimi dani, nyanya yako, nakupa ruhusa. Ukiwa na yako ya kusema, ambia mama yako asimame. Atanyamaza."

Nilikasirika, nisidanganye. Hiyo manila niliihangaikia jioni nzima! Lakini mama ni mama, nikatii.

Siku ya kwanza mtoto hakusema kitu. Ya pili vilevile. Nami nilisoma kwa mwendo wangu wa kila siku, mwendo wa mtu ambaye sare za watu zinamsubiri mezani. Siku ya tatu, punda alipofika katikati ya daraja, mkono mdogo ulifunika ukurasa.

"Simama!"

Nikanyamaza. Mama akaacha kuchambua mboga. Binti yangu alipanda juu ya kochi, akashusha pumzi, akakaa kimya muda mrefu. Mdomo uliniwasha kumsaidia. Mama akanikata jicho.

"Mimi," akasema mwishowe, "mimi najua kusoma."

Akashuka, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akasoma. Polepole. Alikwama mara mbili, akajikwamua mwenyewe, mpaka punda akakanyaga ng'ambo. Mama alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia.

Machozi yalinitoka. "Sasa kwa nini hukuniambia unajua?"

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyechekwa darasani.

"Mama," akasema, "wewe huwa huningoji."