Mimba ya Waridi

Kaingu wa Mung'aro alichunga mbuzi mtaani Kibokoni miaka tisa bila kuwa na hata mmoja wake. Wengi walikuwa wa Bi Khairiya, aliyekaa ghorofani na miguu yake mibovu, akimsemesha kutoka dirishani. Na msidhani kuchunga mjini ni mchezo. Mbuzi wa vichochoroni hawajui nyasi. Hula maganda ya ndizi na maboksi, na wakati wa uchaguzi walishiba nyuso za wagombea ukutani, jambo ambalo hakuna aliyewalaumu.

Mwaka wa tisini na sita, tumbo la Waridi, mbuzi mweusi wa Bi Khairiya, lilianza kujaa. Kaingu alilishika kwa viganja viwili, akafumba macho kama alivyofundishwa na babake kule Kaloleni, akatangaza kwamba mbuzi ana mimba. Kibokoni nzima ilimwamini. Kwa mbuzi, hakuwahi kukosea.

"Akizaa jike, ntakupa wewe," Bi Khairiya akasema. "Upeleke kwenu, nawe uitwe mwenye mbuzi."

Furaha ilimlevya Kaingu. Kila alasiri alikwenda soko la Markiti kumwokotea Waridi mabaki ya mboga na, kwa kuwa wenye mimba hupenda chumvi, mifuko ya plastiki iliyobebewa ng'onda, samaki wakavu wa chumvi, aje ailambe. Zamani vitu vilifungwa kwa magazeti. Miaka hiyo ilikuwa mifuko tu. Waridi alilamba, kisha akatafuna. Kaingu akacheka. Lini mbuzi wa Kibokoni akadhurika kwa chakula?

Miezi mitano, muda wa mbuzi kuzaa, ikapita. Wa sita ulipoingia, Waridi alikataa maji, akalala uani, akakata roho adhuhuri. Kaingu alimpasua hapohapo, awahi vitoto vikiwa hai.

Kizazi kilikuwa kitupu. Akapasua tumbo la chakula, likatoka fundo la mifuko, kubwa kama mto wa kulalia, limesokotana. Mingine aliitambua. Ilimwingia haya mbaya kuliko uchungu wenyewe, akatamani ardhi imfunike.

"Kaingu, baba!" Bi Khairiya aliita kutoka juu. "Walikuwa wangapi?"

Akalitupia fundo gunia.

"Wawili, Bi. Majike."

"Masikini. Ulivyomlisha, ningekupa wote wawili."