Siku Tisini Chini ya Bomba

Jumanne, tarehe 3 Juni 1986, saa kumi na moja alfajiri, watu tisa tulipanga foleni mbele ya bafu la uani katika nyumba yetu ya kupanga, kila mmoja na taulo begani. Wanane tulifuata mkumbo. Wa tisa, fundi cherehani wa chumba namba nne, alikuwa na sababu.

Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, naye akazama katika pombe hata shemeji yake akaja kumchukua binti yao wa miaka sita. Shemeji huyo, mwanamke asiyepoteza maneno, alimwambia mbele yetu kwamba akikaa siku tisini bila kugusa tone, mtoto atarudi. Akiteleza hata mara moja, asimfuate tena. Fundi akajiongezea sharti lake mwenyewe: kila alfajiri, kabla hamu haijaamka, ataoga maji ya bomba, katika msimu ule wa baridi ambapo pumzi ilionekana kama moshi.

Sisi tulimuunga mkono kwa vicheko. Dereva wa lori alitoka bafuni siku ya kwanza meno yakigongana, akatangaza kwamba maji yale yanauma kuliko mbwa, na kesho yake hakuonekana. Wiki ilipokwisha tulikuwa wanne. Mimi nilijitoa tarehe 20, nikisingizia goti. Kuanzia Julai fundi aliingia peke yake, nasi tukajikunyata vitandani tukisikiliza maji yakipiga sakafu, dakika tano kamili, bila yeye kuguna.

Siku ya sitini na moja aliamka na homa. Mama muuza mkaa, jirani yake mlango kwa mlango, alimwonea huruma, akamtengea ndoo ya maji moto kizingitini. Nilikuwa nimesimama uani. Fundi aliinama, akatia kidole majini, akafumba macho kwa muda. Kisha akaibeba ndoo, akaniletea.

"Mzee wangu, oga wewe. Goti lako litashukuru."

"Na wewe, mwanangu? Si unaumwa?"

"Nikianza kujionea huruma asubuhi, Mzee, jioni huruma hiyohiyo itanishika mkono mpaka kilabuni."

Akaingia bafuni, akafungulia bomba. Nikavua kofia, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona.

Jumapili, tarehe 31 Agosti, shemeji alifika alfajiri bila taarifa, akiwa na mtoto na mfuko wa nguo. Alimuuliza mama muuza mkaa kama kuna siku fundi amegusa pombe au kukosa bomba, akajibiwa kwamba hakuna. Hata hivyo alisimama mlangoni pa bafu, akasikiliza mpaka maji yakakatika. Fundi akatoka akichuruzika, akamwona bintiye, akashindwa kusogea.

"Shemeji," mwanamke yule akasema taratibu, "nilikuja nikitegemea kukukuta umelala. Mchukue mwanao."

Katika foleni ya watu tisa alikuwa amebaki mmoja. Katika chumba namba nne, kuanzia asubuhi hiyo, waliishi wawili.