Miti ya Pete Nyekundu

Sebit alipofariki alfajiri ile ya Ijumaa, mkewe Maimunah hakulia. Kilichomjia kwanza ni viunza, zile mbao za kumfunika maiti kaburini kabla udongo haujarudishwa. Atavipata wapi, na nusu ya msitu imezungushiwa seng'enge?

Zamani mtu angemcheka kwa swali hilo. Kijiji chao kilikuwa nje kidogo ya Nateete, na msitu, ambao watu waliuita Kibira tu, ulianzia nyuma ya vyoo vyao. Nusu ilikuwa ya serikali. Nusu nyingine ilikuwa ya Mama Rosalba, mjane wa Kiganda aliyeirithi kwa baba yake. Hata hivyo, mwenye msiba aliingia upande wowote, akakata miti ya kaburi, na hakuna aliyemuuliza.

Utaratibu huo ulikuwa kazi ya Sebit. Alikuwa Mnubi, mtoto wa askari. Mwaka wa sabini na tisa, utawala wa askari ulipopinduliwa, alikimbilia Sudan, akarudi baada ya vita vya themanini na sita mikono mitupu, watu wakimtazama kwa jicho baya. Hakuwa na shamba wala cheo. Alikuwa na miguu na ubishi. Kila asubuhi alizunguka Kibira akifukuza wachoma mkaa, na hakuna aliyemtuma. Maimunah alimwambia ana wazimu, kisha akamfungia chapati ya kwenda nayo.

Serikali ilipokubali hatimaye kulinda misitu pamoja na wanakijiji, bwana misitu Opoka alimtafuta Sebit. Watu wakacheka pembeni: Mnubi na Mwacholi, ambao kati yao damu ilimwagika, watakalia mkeka mmoja? Wakaukalia, na ni Maimunah aliyeusuka, kwa ukindu wa Kibira. Opoka alileta mkataba wa upande wa serikali: wanakijiji watalinda, na wao wataokota kuni, watachuma dawa na ukindu. Mama Rosalba hakutaka mkataba. Aliwaletea mwanyi, buni kavu za kutafuna, kama Waganda wanavyompa mgeni wanayemheshimu au wanayefunga naye undugu.

"Ssebo, mimi nakula mwanyi na nyinyi," alimwambia Sebit. "Miti haijui nani gavumenti, nani Rosalba. Linda yote."

Kisha Sebit akaja na wazo la pete. Miti mama, ile mikubwa iliyonyooka na yenye kumwaga mbegu, aliipaka pete nyekundu kiunoni, pande zote mbili za msitu, ili kila mtu ajue haiguswi. Maimunah alishika kopo la rangi. Kwenye mti mmoja alicheka jambo fulani, mkono ukatikisika, rangi ikachuruzika kutoka kwenye pete hadi karibu na mizizi.

"Ona sasa," Sebit alinung'unika. "Mti umevaa tai."

Kwa miaka mingi panga halikugusa mti wenye pete. Miche ilijaa chini yake. Maimunah aliuza mikeka yake mpaka soko la Nakasero mjini, na Sebit, yule aliyetazamwa kwa jicho baya, akawa mtu wa kusalimiwa kwanza barazani.

Halafu Mama Rosalba akafa. Wanawe, ambao hawakuwahi kukaa pale, wakauza upande wao kwa tajiri aliyetaka kujenga maghala, naye akauzungushia seng'enge. Sebit alikwenda mbio kwa Opoka. Opoka alivua kofia, akaishika magotini.

"Mzee, mimi nguvu yangu inaisha pale mupaka," alisema. "Ile ingine ni mali ya mtu."

"Lakini sisi tulikula buni."

"Mulikula na mama. Watoto hawakukula."

Wakataji walikuja na misumeno ya injini. Mgeni katika msitu ule angehangaika kutafuta mti wa mbao, maana miti mingi imepinda au imeoza moyo. Hawa hawakuhangaika. Walifuata pete, moja baada ya nyingine. Msimamizi wao alimwona Sebit nje ya seng'enge, akamuuliza ni nani aliyeweka alama zile.

"Ni mimi," Sebit alisema.

"Asante, muzee. Umeturahisishia kazi." Wala hakuwa anamdhihaki. Alishukuru kwa moyo mweupe, na ndilo lililouma.

Tangu siku hiyo Sebit hakukanyaga tena Kibira, hata upande uliosalia. Alikaa uani, mgongo ameupa msitu. Maimunah alimweleza kwamba bila yeye wachoma mkaa wangemaliza kila kitu zamani. Alimjibu mara moja tu: "Mimi ndiyo niliwaonyesha." Maimunah akaurudia mkeka wake. Kifua kikambana Sebit, akakonda, mpaka alfajiri ile akaenda zake.

Opoka alifika msibani mapema. Upande wa serikali, uliolemewa tangu ule mwingine ukatwe, ulikuwa umepumzishwa ili upone, ilikuwa marufuku kukata hata fito, lakini alimwambia Maimunah kwa sauti ya chini kwamba leo atafumba macho.

"Hapana, mwanangu," Maimunah alisema. "Sheria ya kulinda Kibira ni ya Sebit. Siwezi kuivunja siku anazikwa."

Basi mwanawe Huzaifa akaenda Nateete. Wanjala, Mkenya mwenye duka la mbao, aliposikia ni msiba alikataa malipo, akampa mabanzi, yale mapande ya nje ya gogo ambayo bado yana magome. Huzaifa aliyashusha uani. Maimunah alitoka kuyaona. Kwenye gome la banzi moja palikuwa na ukanda mwekundu uliopauka, na kutoka kwenye ukanda huo rangi ilikuwa imechuruzika chini, ndefu, mpaka mwisho wa ubao.

Akachuchumaa. Akaigusa tai ile kwa kidole.

Huzaifa naye aliitambua rangi. "Mama, nikwangue?"

"Wacha." Wanawake wa Kinubi hawaendi makaburini, kwa hiyo alitoa agizo lake pale pale uani. "Hii wekeni juu ya kifua yake. Rangi iangalie yeye."

"Mama, alale na kitu kilichomuua?"

"Analala na mti yake. Ilikuwa inamungoja."

Wanaume wakainua jeneza. Opoka alilichukua banzi lile begani mwenyewe, akafuata nyuma. Maimunah alisimama kwenye lango la miti akiutazama wekundu ule ukishuka njiani, mpaka ukapotea kwenye kona. Hapo ndipo alipolia.